Beji Namba Tatu

Hakunikosea kitu chochote. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu watu wakisikia jinsi nilivyomchukia huuliza alinifanya nini, nami hukosa jibu. Alinisalimia kila alipofika. Aliniita dada ingawa tulikuwa rika moja. Alinifundisha mambo ambayo chuoni hawakunifundisha, na hilo hasa ndilo lililonichoma.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Nilikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali moja ndogo wilayani Ngara, hospitali ya matofali ya kuchoma yenye mashine moja kuukuu na jenereta iliyowashwa asubuhi na kuzimwa saa nane mchana. Kwetu si Ngara. Kwetu ni Runazi, Biharamulo, ambako baba alihamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nilikuwa na Kisukuma cha nyumbani, Kiswahili cha shule, na Kihangaza cha kuombea maji ya kunywa. Wagonjwa waliotoka Ntobeye na Kibimba walinielewa kwa shida, nami vilevile, lakini mashine ilikuwa mikononi mwangu peke yangu na hawakuwa na mwingine wa kumkimbilia. Waliniita Dada wa Picha. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyojionyesha.

Sikuwa hodari sana wa kazi, na leo naweza kulisema. Sifa yangu ilikuwa uangalifu. Sikupoteza filamu, sikuchanganya majina, sikuacha mlango wazi taa nyekundu ikiwaka. Na nilitunza beji. Kila anayefanya kazi na mionzi huvaa beji kifuani. Ndani yake mna kipande cha filamu kilichofunikwa na vibati vidogo vya aina mbalimbali. Beji haimkingi mtu. Kazi yake ni kuhesabu tu mionzi iliyomfikia. Kila baada ya miezi mitatu nilizifungasha zikaenda Arusha kwenye ofisi ya mionzi, wakazisoma, wakatuandikia majibu. Namba moja ilikuwa yangu, namba mbili ya daktari. Jioni nilizitundika kwenye misumari ya ukutani nje ya chumba, kamwe si ndani, maana beji ikibaki ndani inakula mionzi ambayo mwenyewe hakuipata. Daktari wetu, Mhaya mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwahi kusema mbele ya wauguzi wote kwamba laiti kila idara ingekuwa na mtu kama mimi. Maneno hayo niliishi nayo mwaka mzima.

Basi mwaka huo picha zangu zilianza kutoka nyeusi. Kifua cha mgonjwa kilionekana kama sufuria iliyoungua. Nilibadilisha vipimo, nikabadilisha filamu, nikaandika barua kwa mafundi wa Mwanza, wapi. Na wakati huohuo kambi ya wakimbizi ilikuwa inatuletea watu wenye kifua kikuu kila Jumanne na Ijumaa, wamejaa kwenye gari la wagonjwa. Ijumaa moja dereva wa gari hilo, Mhangaza mcheshi aliyeshindwa kupita mahali bila kumtania mtu, alishusha pamoja na wagonjwa mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijani lililompwaya.

"Sista wa picha," aliniambia, "reo nimekuletea mkarimani. Umpokee vizuli, amesoma huyu kuriko daktari wako."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wake wa kila siku.

Mwanamke yule aliwasalimia wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, mwaramutse huyu, mwaramutse yule, na benchi zima likaamka. Kirundi chake na Kihangaza chao vilikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Aliwaambia wavute pumzi, waizuie, waiachie, nao walifanya kwa pamoja kama kwaya. Mimi Mtanzania, mwajiriwa, mwenye koti jeupe, nilikuwa nimewaomba hayo miezi na miezi kwa kuonyesha kwa mikono.

Kisha picha zikatoka nyeusi kama kawaida. Alizitazama, akaniuliza kwa upole kama anaweza kuingia kwenye chumba cha giza. Aliingiza kidole kwenye dawa ya kutokeza filamu, akagusa bati la paa kwa kiganja, akasema dawa inapata joto. Bati lilikuwa limepoteza dari yake tangu mvua za masika, jua likawa linaipika dawa, na filamu zikawa zinaiva kupita kiasi. Tuliweka beseni la dawa ndani ya beseni kubwa la maji ya kisima. Picha iliyofuata ilitoka safi hata daktari akaita wauguzi waje kuona mbavu.

"Na mimi nilikuwa naelekea hukohuko," nilisema.

Hakuna aliyenisikia, na bora hivyo, kwa sababu ulikuwa uongo.

Historia yake niliijua kidogokidogo, humo ndani ya chumba cha giza, tukisubiri filamu zikomae chini ya taa nyekundu. Alikuwa Mrundi. Alikuwa amesoma Ulaya miaka miwili akitafuta shahada ya juu kabisa, akarudi nyumbani kumzika baba yake, na kabla ya matanga kwisha vita vikalipuka. Akavuka mto Ruvuvu na mfuko mmoja. Sasa alikuwa anaishi kambini chini ya turubai, akipanga foleni ya mahindi kama wengine wote.

Nilimuuliza alikuwa anasoma nini. Niliuliza kwa kejeli kidogo, nikitegemea ataniambia siasa au lugha.

"Urani," alisema.

Akanieleza. Kuna udongo uliochafuliwa na urani, huko ilikochimbwa au kusafishwa. Urani ikiwa katika hali moja huyeyuka, ikafuata maji mpaka kwenye visima vya watu. Ikiwa katika hali nyingine hung'ang'ania udongo, haiendi popote. Kwa macho huwezi kutofautisha, na mashine ya kawaida haikuambii. Ndipo inapohitajika mashine inayoitwa sinkrotroni. Ni jengo la mviringo, alisema, kulizunguka kwa miguu ni kama kutoka hospitali hapa mpaka kanisani na kurudi. Ndani yake elektroni zinakimbizwa kwenye bomba, mbio karibu sawa na mwanga, na kila zinapokatishwa kona zinatoa eksirei kali mara mamilioni kuliko ya kwangu. Unachagua eksirei ya kiasi kile hasa cha nguvu ambacho urani peke yake inakikubali, unaipiga kwenye chembe ya udongo, kisha unasoma jinsi inavyomezwa. Kutokana na hapo unajua kila atomi ya urani imekaa na jirani gani, na kwa umbali gani.

"Kwa hiyo unaiuliza," nilisema.

"Ndiyo, dada. Unaiuliza unakaa na nani. Na haiwezi kudanganya."

Alisema hivyo huku uso wake umebadilika. Sijui niuelezeje uso ule. Nimewahi kuuona kwa watu wanaosali kwa kweli, nao ni wachache. Kijidongo chenyewe, alisema, kinatosha kwenye ncha ya kucha, na kwa kuwa kina sumu ya mionzi hufungwa kwa safu tatu za plastiki ambazo eksirei hupenya bila kujali. Mashine ile si ya mtu mmoja. Watu wa dunia nzima wanaipigania, kila mmoja anaomba siku zake, anapewa nne au tano kwa mwaka, na siku zako zikipita zimepita.

Nilimsikiliza na roho ikaniuma vibaya. Mimi nilikuwa nimetumia miaka yangu kuwapiga picha watu waliovunjika miguu kwa kuanguka na baiskeli. Nilikuwa na nyumba ya bati, mshahara, kitambulisho, nchi. Yeye hakuwa na hata kiti. Na bado yeye ndiye alikuwa na mahali pa kwenda ambapo mimi, hata ningefungua mlango gani, nisingefika. Kama angekuwa na majivuno ningepata nafuu. Hakuwa nayo hata chembe.

Baada ya mwezi daktari aliomba kibali ili mwanamke yule awe anakuja kila siku, akampa beji. Namba tatu. Mimi mwenyewe niliiandika kwenye kitabu na kumbandika kifuani kwenye lile sweta. Baada ya miezi miwili wagonjwa walianza kumwita yeye Dada wa Picha. Mimi wakanipa jina jipya, Mwenye Ufunguo.

Dereva naye hakuacha. Kila asubuhi alipiga honi mara mbili langoni na kupaza sauti, "Sista, mwarimu wako amefika! Umefanya mazoezi uriyopewa?" Kila mtu alicheka, na mimi nilicheka, na nilitamani gari lake litumbukie mtaroni akiwa amekwisha kushuka.

Nilikuwa nimeomba kwenda kusoma kozi ya juu ya eksirei Dar es Salaam. Ilikuwa ndoto yangu ya muda mrefu na barua ya daktari ndiyo ingeamua. Siku niliyomkumbusha alikuwa anasoma picha, hakugeuka.

"Usiwe na haraka," alisema. "Chuo kimekufuata hapahapa. Jifunze kwanza kwa huyu mwenzako."

Nilitoka ofisini kwake nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka machozi yakauke.

Wiki hiyohiyo, saa za chakula cha mchana, mwanamke yule alikuwa amevua beji yake akaitundika kwenye msumari na kwenda kula ugali na wauguzi. Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Niliichukua beji namba tatu. Niliingia, nikafunga mlango, nikailaza mezani pale anapolala mgonjwa, uso juu. Niliweka kipimo cha kiuno, ambacho ni kikubwa, nikasimama nyuma ya ukuta, nikapiga. Nikangoja mashine ipoe. Nikapiga tena. Nilipiga mara sita. Kisha niliirudisha kwenye msumari, nikaweka kamba yake vilevile ilivyokuwa, nikaenda kula.

Nilichotaka kilikuwa kidogo, au nilijiambia hivyo. Nilitaka Arusha waandike kwamba namba tatu ni mzembe. Nilitaka daktari aisome barua hiyo, amtazame msomi wake, kisha anitazame mimi. Basi. Mwisho wa mwezi nilifungasha beji zote tatu kwa mkono wangu na kifurushi kikapanda basi.

Wiki mbili baadaye ikaja barua yake kutoka Ulaya. Profesa wake alikuwa amemtafuta kupitia mashirika mpaka akampata. Nafasi yake ilikuwa haijafutwa. Alikuwa amemwombea siku tano kwenye ile sinkrotroni, na vile vijidongo vyake vilikuwa kabatini vinamngoja. Safari ilikuwa imeshughulikiwa, karatasi za ukimbizi zilikuwa zinatengenezwa. Kilichobaki ni kimoja. Wenye mashine hawamruhusu mtu kushika urani kabla ya kuona kwa maandishi amekwisha kupokea mionzi kiasi gani mahali pote alipofanya kazi. Kwa hiyo alihitaji karatasi ya Arusha.

Alinisomea barua hiyo mimi wa kwanza, kabla ya daktari. Alinikumbatia. Alisema, "Dada, ni wewe uliyezitunza beji zetu. Sina wasiwasi."

Ningeweza kusema pale pale. Kifurushi kilikuwa kimekwisha kuondoka, lakini simu ya parokiani ilikuwepo, na barua ya haraka ilikuwepo. Nilimwambia hongera. Niliogopa, na chini ya ule woga, niseme ukweli wote, kulikuwa na kitu kingine kilichochangamka. Nilijua jambo asilolijua yeye. Ilikuwa mara ya kwanza.

Majibu ya Arusha yalikuja. Namba moja, kawaida. Namba mbili, kawaida. Namba tatu, kiwango kikubwa mno kwa miezi mitatu. Mhusika aondolewe kwenye mionzi mara moja, hospitali itoe maelezo. Walikuwa wamerudisha na ile filamu yake ndogo.

Daktari alituita sote wawili. Alikuwa amekunja uso, akamuuliza kama aliwahi kuingia bila ile aproni nzito ya madini ya risasi inayozuia mionzi, kama aliwahi kumshika mgonjwa wakati wa kupiga. Alijibu hapana. Kisha akaomba kuiona filamu. Aliiweka kwenye kisanduku cha taa na kuinama juu yake muda mrefu, na ule uso wa chumba cha giza ukamrudia.

"Beji hii haikuvaliwa," alisema. "Daktari, tazama vivuli vya hivi vibati. Kingo zimekatika kama kwa wembe. Mtu akivaa beji anatembea, anageuka, anainama, mionzi inamjia pande zote na kingo zinafifia. Hii ilikuwa imelala kimya. Imepigwa kutoka upande mmoja tu."

Daktari alivua miwani akaifuta. Aliuliza iliwezaje kulala kimya chini ya mashine.

Yeye aligeuka, akanitazama. Nilitegemea kuona hasira. Hakukuwa na hasira.

"Inawezekana ilisahaulika mezani," alisema polepole. "Siku zile za Jumanne tunakuwa na watu wengi. Dada, labda uliishika ukaiweka chini ukaisahau? Si kosa kubwa. Ukiandika hivyo tu, wewe mtunza beji, na daktari akagonga muhuri, Arusha wataifuta ile namba ya mionzi."

Mstari mmoja. Nilisahau. Angeondoka zake, nami ningebaki na kosa dogo ambalo hata mwanafunzi hulifanya. Alikuwa amenifungulia mlango na kuushika ili usinigonge.

Ndicho nisichoweza kukivumilia. Alikuwa na Ulaya, alikuwa na sinkrotroni, alikuwa na lugha ya wagonjwa wangu na jina langu, na sasa alitaka kunichukulia na uangalifu wangu, tena kwa huruma. Nilisikia sauti yangu ikisema,

"Mimi huwa sisahau. Beji nazihesabu kila jioni. Daktari anajua."

Daktari alisema ndiyo, hilo analijua.

"Basi sijui," nilisema. "Labda huko kambini aliiweka karibu na kitu."

Kambini hakukuwa na kitu. Tulijua sote watatu. Lakini maelezo ya hospitali yalikwenda Arusha yakisema chanzo hakijulikani, na kwa kuwa hakijulikani namba haikufutwa. Wenye mashine waliipata, wakajibu kwa adabu kwamba mwaka huo hawezi kuguswa na mionzi zaidi. Siku zake tano alipewa mwanafunzi mwingine. Profesa aliandika kwamba anasikitika na kwamba fedha za nafasi yake zilikuwa na mwisho wake. Karatasi za safari zikalala mpaka zikapitwa na muda. Yote hayo yalichukua miezi minne, na aliyapokea moja moja.

Aliendelea kuja. Hakuruhusiwa tena kuingia chumbani, kwa hiyo daktari alimwekea kiti nje ya mlango, na kutoka hapo alikuwa anapaza sauti kwa wagonjwa waliokuwa ndani na mimi: vuta pumzi, zuia, achia. Mwanamke aliyeziuliza atomi za urani zinakaa na nani alikuwa amekaa koridoni anaita pumzi za wakulima kupitia mlango wa mbao. Ungedhani wivu wangu ungekuwa umeshiba. Wagonjwa walipotoka walimshukuru yeye, wakaniacha nimeshika kaseti ya filamu, na wivu ukawa palepale.

Kozi niliipata, nikawa nangoja kuanza. Daktari aliniandikia barua nzuri, na kwa kuwa alinipa niifunge bahasha mwenyewe, niliisoma. Alikuwa ameandika kwamba katika tukio gumu la beji nilionyesha msimamo.

Niseme sasa yaliyotokea mwishoni, ili nisije nikayakwepa. Nilikuja kuandika ukweli. Daktari aliupeleka Arusha kwa mkono wake, na namba ile ikafutwa kwenye rekodi. Barua yake ya kuniombea kozi aliidai irudishwe, akaichana mbele yangu, na nilisubiri miaka mitatu kabla ya kuomba tena mahali pengine. Hayo nilistahili. Kama yeye alifika tena kwenye lile jengo la mviringo, sijui. Nimeuliza, na sijapata mtu wa kuniambia.

Lakini sikuandika kwa sababu dhamiri ilinishika. Niliandika kwa sababu alikuja kuniaga.

Mama yake alikuwa amepatikana hai, katika kambi moja ya Kigoma, na yeye binti alikuwa amepata kibali cha kuhamia huko. Ilikuwa Ijumaa mchana, wagonjwa wamekwisha, dereva anamsubiri langoni. Alikuja na daftari la shule, lile la mistari. Nilidhani ana anwani ya kunipa. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa mbele yangu, akalifungua, na kurasa zilikuwa zimejaa hesabu tupu, zimekatwa, zimerudiwa, zimekatwa tena.

"Dada, nina shida moja," alisema. "Ile namba ya Arusha inanikataa. Nimehesabu kama beji ilisahaulika mezani, mgonjwa mmoja akapigwa kifua. Haifiki. Wawili, haifiki. Nimehesabu kama ilibaki ndani ya chumba miezi yote mitatu. Haifiki, na kingo zisingekuwa kali vile. Usiku silali. Naanza kuogopa kwamba labda ni kweli mwili wangu umepata kitu na mimi sijui tena kusoma filamu. Kuna jambo kwenye mashine hii silijui?"

Hakuwa ananitega. Nilimtazama vizuri, kwa sababu ningependa sana awe ananitega. Alikuwa amekonda zaidi, kalamu iko mkononi, na alikuwa ananiuliza mimi kama mtu anayejua.

"Mara sita," nilisema.

Aligeuza ukurasa mpya.

"Kipimo cha kiuno. Kilovolti themanini. Umbali wa mita moja, uso juu. Mara sita."

Aliandika. Hakuinua kichwa. Niliona mkono wake ukiteremka kwenye ukurasa, mstari chini ya mstari, haraka, ukisimama kidogo tu pale alipokuwa anazidisha. Honi ilipigwa langoni na hakuisikia. Alifika mwisho, akafunua nyuma kwenye ukurasa alikoiandika namba ya Arusha, akaweka vidole viwili, kimoja kwenye kila namba.

"Inalingana," alisema.

Akapiga mistari miwili chini yake. Alivuta pumzi ndefu, akatabasamu. Hakunitabasamia mimi, aliitabasamia ile namba, kama mtu aliyerudishiwa akili yake. Kisha alichana karatasi tupu kutoka katikati ya daftari, akanisogezea pamoja na kalamu, akaniomba niyaandike hayohayo niliyoyasema na kutia sahihi. Nikaandika. Nilipokosea tarehe alinisahihisha.

Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu siku ya kwanza, nikiwa na majibu mengi tayari, na yeye alikunja karatasi, akaiacha mezani kwa daktari, akatoka kwenda kwenye gari.